Kwa mwalimu anayeanza unasihi: ustawi wa vijana unavyobadilika miaka ya sekondari

Ukikabidhiwa kazi ya unasihi au ulezi wa darasa, wenzako watakuambia kwamba vijana wa umri huu wana mambo yao na kwamba yatapita. Usiibebe kauli hiyo ilivyo. Mengi hupita, ni kweli. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya kila 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 42, huo ni wastani wa wanafunzi 6, na wengi wao hawatakuja kugonga mlango wako. Kazi yako ni kutofautisha mabadiliko ya kawaida ya kukua na yale yanayohitaji msaada. Huwezi kutofautisha usipojua mambo mawili: kila mwaka wa sekondari huwa na hali gani kwa kawaida, na mtoto huyu mmoja aliyeko mbele yako alikuwaje muhula uliopita.

Hilo la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye uzito zaidi. Mwanafunzi mkimya aliyekuwa mkimya tangu siku ya kwanza huenda ana amani yake. Mwanafunzi mchangamfu aliyegeuka mkimya ndani ya wiki 3 ni habari nyingine kabisa, hata kama sasa hivi anaonekana sawa na yule wa kwanza. Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe kabla hujamlinganisha na darasa.

Pia usiuone ustawi kama kitu kimoja kinachopanda au kushuka chote kwa pamoja. Mwanasaikolojia Carol Ryff aliugawa mwaka 1989 katika sehemu 6 ambazo hadi leo zinasaidia sana kazini: kujikubali, kuwa na uhusiano mzuri na watu, kujiamulia mambo, kumudu mazingira, kuwa na kusudi la maisha, na kuendelea kukua kama mtu. Ukizishika sehemu hizi kichwani utaona kwamba kijana wa miaka 15 anaweza kuwa anapanda katika kujiamulia na papo hapo anashuka vibaya katika kujikubali. Anabishana na wewe kwa ujasiri asubuhi, jioni anajitazama kwenye kioo na kujichukia. Walimu wapya huona ule ubishi tu, wakadhani mtoto amejaa kujiamini.

Kwa ujumla mwelekeo unajulikana. Kuna utafiti mkubwa wa kimataifa kuhusu afya na mienendo ya watoto wa shule, unaofanyika kila baada ya miaka 4 katika nchi nyingi za Ulaya, Asia ya Kati na Kanada, na huwauliza wanafunzi wa miaka 11, 13 na 15. Humo mwanafunzi huyapa maisha yake alama kuanzia 0 hadi 10, kama mtu anayeonyesha yuko kwenye kipago gani cha ngazi. Matokeo yake yamejirudia: wenye miaka 15 hujipa alama za chini kuliko wenye miaka 11, mteremko wa wasichana ni mkali kuliko wa wavulana, na wanaosema masomo yanawalemea huongezeka kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo kushuka kidogo ni kawaida, ila kawaida hiyo isikufumbe macho.

Mwaka wa kwanza shida kubwa huwa ni nafasi. Mtoto aliyekuwa wa kwanza au wa pili shule ya msingi anajikuta wa 25, na hakuna aliyemwandaa. Mwanasaikolojia Herbert Marsh alilieleza jambo hili katika maandiko yake ya mwaka 1987: mwanafunzi yuleyule, mwenye uwezo uleule, hujiona dhaifu zaidi akiwekwa kati ya wenzake wenye uwezo mkubwa. Yaani hajapungua yeye, kilichobadilika ni watu anaojipima nao. Mwalimu mpya anapokosea hapa ni kumwambia mtoto “ongeza bidii”, maneno ambayo kwake yanathibitisha kwamba kweli ameanguka. Mwonyeshe madaftari yake. Chukua zoezi la wiki ya 2 na la wiki ya 10 la somo lilelile, yaweke sambamba mezani, na mwambie aonyeshe mwenyewe ni nini anachokiweza sasa ambacho hakukiweza mwanzoni. Na kama shule yako hubandika orodha ya matokeo ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, omba kwa uongozi kwamba walau muhula wa kwanza wa wageni kila mmoja apewe matokeo yake mkononi.

Jambo la pili la mwaka huo ni marafiki. Katika wiki 6 za mwanzo makundi hujifunga, na asiyepata mtu wa kukaa naye kipindi hicho hupata tabu kumpata baadaye. Huhitaji chombo chochote kuligundua hili. Pita wakati wa mapumziko siku 3 tofauti na uandike majina ya wanaokaa peke yao. Jina likitokea siku zote 3, usimwite ofisini kumuuliza kwa nini hana marafiki, maana utamtia aibu. Mpe kazi ya kufanya na mwenzake mmoja mwenye tabia ya upole: kupanga vitabu vya maktaba, kuandaa maabara, chochote chenye mwanzo na mwisho kinachorudi kila wiki. Urafiki wa vijana wengi huanza mikono ikiwa na shughuli.

Walimu wengi huelekeza nguvu zao zote kwenye mwaka wa mtihani wa mwisho. Kwa maoni yetu, macho yako yanahitajika zaidi katikati, wanafunzi wakiwa na miaka 14 hadi 16. Mwaka wa kwanza wageni huangaliwa na kila mtu, mwaka wa mwisho shule nzima huwashughulikia watahiniwa, na huku katikati mtoto anaweza kuzama taratibu bila mtu kumwona. Ndipo pia mambo mengi hukutana kwa wakati mmoja. Balehe, ambayo kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana na kati ya miaka 9 na 14 kwa wavulana, inakuwa imeshaubadilisha mwili. Sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kutafuta raha zinafanya kazi kwa nguvu, wakati sehemu ya mbele inayosaidia kujizuia na kupima matokeo itaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Masomo yanakuwa magumu. Kabla ya balehe wavulana na wasichana hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kwa viwango vinavyokaribiana, lakini baada yake wasichana huwa kama mara mbili ya wavulana.

Tofauti hiyo ya takwimu isikufanye uwasahau wavulana. Sonona ya kijana si lazima ije na machozi. Mara nyingi huja kama hasira za karibu: kufoka kwa jambo dogo, kupiga meza, kugombana na mwalimu ambaye wiki iliyopita walielewana. Mvulana wa namna hiyo hupelekwa kwa mwalimu wa nidhamu, anapewa adhabu, na tatizo linabaki palepale. Kubaliana mapema na mwalimu wa nidhamu kwamba mwanafunzi yeyote ambaye hakuwa na rekodi ya ugomvi, kisha akapata makosa 2 ndani ya mwezi mmoja, apite kwako kabla ya adhabu ya pili.

Sasa usingizi. Tutakaa hapa kidogo, kwa sababu hakuna sehemu nyingine ambapo jitihada ndogo huleta nafuu kubwa kiasi hiki. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila siku. Balehe huchelewesha saa ya mwili: homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala huanza kutoka usiku zaidi, na ucheleweshaji huo unaweza kufika saa 2. Mtoto aliyekuwa akisinzia saa 3 usiku sasa hasikii usingizi mpaka saa 5. Huo si ukaidi, na simu huongeza tu tatizo ambalo tayari lipo. Fanya hesabu: akilala saa 5 usiku na kuamshwa saa 11:30 alfajiri, amepata saa 6 na nusu. Anakosa angalau saa 1 na nusu kila siku, na kwa siku 5 za masomo hizo ni saa 7 na nusu, karibu usiku mzima. Ikifika Ijumaa, huyo unayemwona mvivu, mwenye hasira na msahaulifu anaweza kuwa na njaa ya usingizi tu.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Mji wa Seattle ulipoisogeza saa ya kuanza kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 mwaka 2016, wanafunzi waliopimwa walipata usingizi zaidi wa dakika 34 kwa siku. Wengi wetu hatuna mamlaka ya kubadilisha ratiba ya shule. Tunachoweza ni kusogeza mitihani na vipindi vizito visiwe vya kwanza asubuhi pale ratiba inaporuhusu, kuacha kutoa kazi ya kukusanya “kesho asubuhi”, na kumfundisha mwanafunzi kuweka kumbukumbu ya usingizi wake.

Kumbukumbu hiyo iwe ya siku 7 mfululizo, wikiendi zikiwemo. Kila asubuhi anaandika vitu 4: saa alipopanda kitandani, saa anayodhani alipitiwa na usingizi, saa alipoamka, na kitu cha mwisho alichokuwa akifanya kabla ya kulala. Usimwekee sharti lolote wiki hiyo, mwache aandike hali halisi. Wiki ya pili mchague pamoja badiliko moja tu. Kwa wengi linalofaa ni simu kulala nje ya chumba au mbali na kitanda. Kwa wengine ni kuacha kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu baada ya mchana, kwa kuwa nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini saa 5 hivi baadaye. Kosa la kawaida ni kufidia usingizi Jumamosi kwa kulala mpaka adhuhuri. Saa ya mwili inasogea mbele, Jumapili usiku usingizi haupatikani, na Jumatatu inaanza kwa deni. Akilala zaidi wikiendi, isizidi saa 1 au 2 kupita muda wake wa kawaida wa kuamka.

Ili uyaone mabadiliko ya darasa zima bila kukisia, tumia dodoso fupi la ustawi la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 5, ambalo limekuwepo tangu mwaka 1998. Linauliza kuhusu wiki 2 zilizopita: nimekuwa mchangamfu na mwenye furaha, nimekuwa mtulivu, nimekuwa na nguvu na ari, nimeamka nikiwa nimepumzika vizuri, siku zangu zimejaa mambo yanayonivutia. Kila swali lina alama 0 hadi 5, ambapo 0 ni “hakuna wakati wowote” na 5 ni “wakati wote”. Unajumlisha, kisha unazidisha kwa 4 ili upate alama kati ya 0 na 100. Alama 50 au chini yake inakuambia uzungumze na mwanafunzi huyo. Ikifika 28 au chini, usisubiri wiki iishe.

Mfano: mwanafunzi muhula wa kwanza amejaza 3, 4, 3, 2, 4. Jumla ni 16, mara 4 ni 64. Muhula wa pili amejaza 2, 2, 3, 0, 2. Jumla ni 9, mara 4 ni 36. Kushuka kwa alama 28 ni kukubwa. Hata badiliko la alama 10 huchukuliwa kuwa na maana. Tazama pia lilipoangukia. Swali la kuamka umepumzika limetoka 2 hadi 0, nguvu haikuguswa, na utulivu na mambo yanayomvutia yamepoteza alama 2 kila moja. Mazungumzo yenu yana pa kuanzia: unaanza na usiku wake, halafu kile alichokuwa akikipenda na sasa hakimvutii.

Dodoso huharibika kwa njia zinazojulikana. Ukiligawa wiki ya mitihani, alama za karibu wote zitashuka na hutajua nani ni nani. Ligawe wiki ya 4 au ya 5 ya muhula, kila muhula wiki ileile. Ukikusanya karatasi kwa kupitisha mkono kwa mkono, watasomana, na mara ya pili kila mtu atajaza 4. Tumia bahasha, na ukusanye mwenyewe. Usilifanye kuwa mashindano ya madarasa. Na dodoso halimtambui mgonjwa. Linakuonyesha wa kuzungumza naye kwanza, basi. La kuumiza zaidi ni kulikusanya kisha usimwite mtu. Mtoto aliyejipa 0 mara tano, akangoja wiki 3 bila kuulizwa chochote, amejifunza kwamba kusema hakusaidii. Usiligawe kama huna nafasi ya kuwaona wenye alama za chini ndani ya siku 5.

Mazungumzo yenyewe yapange. Viti vikae kwa pembe, visitazamane uso kwa uso, na meza isiwe katikati. Mahali pawe pa kuonekana na watu lakini pasipo pa kusikika. Kabla hajasema lolote mweleze mipaka ya siri: “Tutakayozungumza yanabaki hapa, isipokuwa nikiona wewe au mtu mwingine yuko hatarini. Hapo nitalazimika kumshirikisha mtu mwingine, na nitakuambia kwanza.” Anayeahidi siri bila mipaka hujikuta ama amevunja ahadi ama amenyamazia hatari.

Kisha anza na ulichokiona kwa macho, pasipo hukumu: “Wiki hizi 3 naona hukai tena na wenzako mapumziko, na kazi 2 za hesabu hukuzileta. Mambo yakoje?” Atakujibu, “Niko sawa tu, mwalimu.” Karibu wote hujibu hivyo. Usibishane naye, na usikimbilie kujaza ukimya. Kaa kimya kidogo, kisha uliza kitu chepesi chenye jibu: jana ulilala saa ngapi, siku hizi unakula vipi, unatoka na nani kwenda nyumbani. Epuka “kwa nini”, kwa sababu masikioni mwa kijana ni swali la mshitaki. Ushauri wako uuweke mfukoni mpaka akuambie mwenyewe anachotaka kibadilike. Dakika 20 zinatosha mara ya kwanza, na kabla hajatoka mpe siku na saa ya kuonana tena.

Kama anakuambia amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, au huzuni au hasira imekaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na usingizi, chakula au masomo vimeyumba, huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya. Omba uchunguzi wa mwili pia, hasa kwa msichana anayelalamika uchovu: upungufu wa damu hutokea sana kwa wasichana waliovunja ungo, na unaweza kufanana na sonona.

Kuhusu kujiua, uliza waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi hupata ahueni kwamba hatimaye mtu amethubutu. “Mtu akizidiwa wakati mwingine huwaza ni afadhali asiwepo. Wewe umewahi kuwaza kujiua?” Akikubali, uliza kama amepanga namna, kama ana kifaa au dawa, na kama amefikiria lini. Usimwache peke yake hata kwenda msalani. Siku hiyohiyo mzazi au mlezi ajulishwe na mtaalamu wa afya afikiwe, na vitu vya kujidhuru viondolewe anapolala. Kama hatari inatoka nyumbani kwenyewe, mtafute mtu mzima mwingine anayeaminika na fuata utaratibu wa ulinzi wa mtoto. Usimwombe akuahidi kwamba hatajiua ukaona umemaliza. Karatasi ya ahadi haimlindi mtu.

Marafiki nao wana sehemu mbili. Rafiki wa karibu ni kinga kubwa, lakini mwanasaikolojia Amanda Rose alionyesha mwaka 2002 kwamba marafiki wanaorudia tatizo lilelile siku baada ya siku husogeana zaidi huku dalili za huzuni zikiongezeka. Utawaona wawili wamekaa kona ileile kila jioni, na sura zao wakiinuka ni nzito kuliko walipokaa. Usiwatenganishe. Wafundishe kuyagawa mazungumzo: muda wa kusema yaliyomo moyoni, kisha swali moja, “kesho utafanya nini?”, kisha wainuke wakatembee au wakacheze mpira. Dakika 60 za mazoezi kwa siku ndizo zinazopendekezwa kwa umri huu, na mchezo ni njia rahisi ya kuzipata bila kumhubiria mtu.

Mwaka wa mwisho sura hubadilika tena. Wengi hutulia: wameshapata marafiki wa kudumu, wanajua wanaweza nini, na kujiamulia kwao sasa kuna mwelekeo. Shinikizo la mtihani ni kubwa lakini lina tarehe ya kuisha, na hilo huwasaidia. Wa kuangaliwa ni yule ambaye kusudi lake lote limebebwa na matokeo. Mwulize, “Usipopata alama unazozitaka, utafanya nini?” Mwenye majibu mawili au matatu yuko salama kiasi. Anayesema “hiyo haiwezekani” au anayenyamaza, kaeni pamoja muandike njia 3 nyingine kwa majina: kozi gani, wapi, masharti gani ya kujiunga.

Kipindi cha baada ya mtihani hakiwekewi mpango, na ni kosa la shule nyingi. Ratiba iliyomshika kijana miaka yote inakatika siku moja, marafiki wanatawanyika, na yeye hayuko tena kwenye daftari lako la mahudhurio. Kabla hawajaondoka, kwa kila mwanafunzi uliyekuwa ukimfuatilia, hakikisha mambo 3: mzazi au mlezi anajua dalili za kuangalia, mwanafunzi ana namba ya kituo au mtaalamu atakayeendelea naye, na mmepanga mawasiliano 2 kupitia mlezi, la kwanza wiki 2 baada ya mtihani na la pili wiki ambayo matokeo yanatoka. Hilo la pili liandike kwenye kalenda yako mwenyewe, maana wiki hiyo shule nzima itakuwa inahesabu waliofaulu.